Kwa nini panya aliyezungushwa hukataa maji matamu?

Abiria aliyechafukwa na bahari kati ya Unguja na Pemba, au aliyepata kichefuchefu ndani ya basi hapa Birmingham, huenda akakichukia chakula alichokula kabla ya safari. Panya naye hufanya vivyo hivyo, ijapokuwa hana uwezo wa kutapika.

Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1973 yalionyesha kuwa panya aliyekunywa maji yenye ladha mpya, kisha akazungushwa, aliikwepa ladha hiyo baadaye. Viungo vya usawa vilivyomo sikioni vikiharibiwa, hajifunzi kuikwepa.

Kuzungusha chombo ni njia mojawapo ya kuleta mvutano bandia angani. Wasafiri wa Mirihi wakichukia chakula chao, hawatakuwa na kingine. Ndiyo maana mwili hauna budi kuzoeshwa mzunguko hatua kwa hatua.