Milisekunde 16.7: Michezo ya Kompyuta Ndani ya Mfumo Endeshi Mpya

Ulaini wa mchezo wa kompyuta hutegemea muda unaotumika kuandaa kila picha moja, iitwayo fremu, na skrini ya kawaida, ambayo hujionyesha upya mara 60 kwa sekunde, huipa mashine milisekunde 16.7 tu za kumaliza kazi yote: prosesa ikokotoe mienendo ya wahusika na kutoa amri za uchoraji, kisha chipu ya michoro ipake rangi pikseli zote, yaani nukta zinazounda picha. Fremu inayochelewa hata kwa milisekunde 1 hukosa zamu yake, na mchezaji huona picha ikikwama. Kwa sababu hiyo mfumo endeshi, ambao ni programu kuu inayozigawia programu nyingine prosesa, kumbukumbu na diski, ukiongeza mzigo mdogo tu unaweza kuuharibu mchezo katika kompyuta ya zamani, ambayo tangu awali ilikuwa ikimaliza kila fremu kwa taabu.

Jambo hili limewagusa wengi tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na kuwaacha watumiaji wakihamia Windows 11. Mashine zao zikianza kukwama, umri ndio hulaumiwa kwanza na kompyuta nzima huwekwa kando, na hiyo ni hasara ya kusikitisha, kwa kuwa mara nyingi chanzo huweza kutafutwa na kupatikana. Hata hivyo, katika saa za mwanzo kipimo chochote hudanganya, maana mfumo mpya huwa bado unapanga faharasa ya mafaili na kupakua masasisho, kazi zinazokula prosesa na diski bila mtumiaji kuziona. Zikiisha, cha kutazama kwanza ni kiendeshi cha michoro, yaani programu ndogo inayotafsiri amri za mchezo kwa lugha ya chipu husika. Endapo orodha ya vifaa inaonyesha kiendeshi cha jumla cha Microsoft badala ya kile cha Intel, AMD au NVIDIA, chipu ya michoro haitumiki ipasavyo na uchoraji huiangukia prosesa, ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo. Kusakinisha kiendeshi sahihi hapo huleta nafuu kuliko marekebisho mengine yote.

Chanzo cha pili hakionekani kwa urahisi, nacho ni kinga ya uadilifu wa kumbukumbu. Kinga hii hutumia tabaka la programu lililo chini ya mfumo endeshi wenyewe kuhakiki kila msimbo unaotaka kuingia katika kiini cha mfumo, ili programu hasidi isijipenyeze humo. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha saba, na za AMD kuanzia Zen 2, zina sakiti maalumu za kuirahisisha kazi hiyo, lakini zilizotangulia hulazimika kuiiga kwa programu, na gharama yake huwa kubwa zaidi. Microsoft yenyewe imewaeleza wachezaji kuwa wanaweza kuizima wanapocheza na kuiwasha tena wamalizapo, huku ikitahadharisha kwamba mashine hubaki wazi kwa mashambulizi. Tahadhari hiyo ina uzito: kompyuta inayotumika pia kwa miamala ya benki haifai kuvuliwa kinga kwa ajili ya fremu chache, hasa pale ambapo njia nyingine hazijajaribiwa.

Njia mojawapo yenye manufaa, na ambayo husahaulika, ni kuongeza kumbukumbu ya RAM. Kompyuta mpakato za ofisini za miaka ya 2013 na 2014, za aina inayouzwa kama mitumba Kariakoo na katikati ya Nairobi, kwa kawaida hazina kadi ya michoro inayojitegemea. Chipu yao ya michoro imo ndani ya prosesa na huazima RAM ileile inayotumiwa na mfumo. Kijiti kimoja cha RAM cha aina ya DDR3-1600 hupitisha data isiyozidi GB 12.8 kwa sekunde, ambayo prosesa na chipu ya michoro huigombea, ilhali vijiti viwili vinavyolingana hufungua njia mbili na kufikisha GB 25.6. Kijiti cha pili huongeza pia nafasi, na mfumo mpya unaihitaji, kwani RAM ikijaa sehemu ya data huhamishiwa kwenye diski. Diski ngumu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde 11.1 kwa mzunguko mmoja, hivyo kuisubiri data ifike chini ya kichwa cha kusomea huchukua wastani wa milisekunde 5.6, na mkono wa kichwa hicho nao huhitaji muda wake wa kusogea. Usomaji mmoja wa namna hiyo unatosha kuipoteza fremu, wakati diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde.

Panapobaki shaka kuhusu kinachochelewesha, jaribio jepesi ni kupunguza rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, ambapo pikseli hupungua kutoka 2,073,600 hadi 921,600. Mchezo ukilainika, chipu ya michoro ndiyo iliyokuwa imezidiwa. Usipobadilika, tatizo liko kwa prosesa, na hapo kinachofaa ni kupunguza umati wa wahusika na umbali unaochorwa, pamoja na kusafisha vumbi kwenye feni, kwa kuwa prosesa inayopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue.

Vipimo hivi vyote vinafaa kukamilika mapema, kwa sababu Windows 11 humruhusu aliyehama kurejea mfumo wake wa awali kwa siku 10 tu, na baada ya hapo mafaili ya mfumo wa zamani hufutwa.