Gari ya koperative ikikataa kuwaka

Ilikuwa saa kumi na moja ya mangaribi, kando ya Ziwa Kivu, upande wa Kalehe. Kamionete ya koperative moja ilikuwa imekwisha kujaa mifuko ya kahawa nyekundu. Shofere akageuza ufunguo: tak. Akageuza tena: tak. Kisha kimya. Munajua wenyewe ya kwamba kahawa iliyochumwa leo inapaswa kumenywa leo. Ikilala ndani ya mifuko inapata moto, inaanza kuchacha, na kule kwenye stasioni ya kusafishia hawataipokea kwa bei ya kwanza.

Sisi tulikuwa pale kwa mafunzo ya kukata matawi, tukaona yote. Kila mutu alikuwa na shauri lake. Mumoja alisema demarere imekufa, na kumbe walikuwa wamekwisha kuibadilisha wiki chache mbele, kwa pesa ya sanduku. Wengine walitaka kusukuma. Saa mbili zikapita. Mwishoni ilionekana ni waya mweusi unaotoka kwenye batri kwenda kwenye motere na shasi, ule ambao mekanisie wetu wanauita masi: buloni yake ilikuwa imelegea na kushika kutu. Kuifungua, kuisugua na kuikaza ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ile demarere ya zamani ilikuwa ingali ndani ya depo. Kesho yake tuliijaribu, ikazunguka vizuri tu.

Basi njo maana tunaandika. Mbele ya kununua kitu, musikilize kwanza gari inasema nini.

Mukigeuza ufunguo na hata taa za tablo haziwaki, umeme haufiki. Angalia vichwa vya batri. Kama viko na unga mweupe au wa kijani, au vinacheza mukivishika kwa mukono, ugonjwa uko pale. Mukisikia «tak» moja bila kuzunguka, muwashe taa kubwa, mutu mumoja asimame mbele, mwingine ageuze ufunguo. Taa zikififia sana ao zikizimika, batri ni zaifu ao kuna waya usiokaza vizuri. Taa zikibaki na nguvu ileile na motere haizunguki, hapo sasa munaweza kuanza kushuku demarere na waya wake mudogo.

Koperative iliyo na multimetre (zinauzwa sokoni, hata ndogo inatosha) itapata jibu mbio zaidi. Batri ya volti 12 iliyojaa, gari ikiwa imepumzika, inaonyesha 12,6 hivi. Ikionyesha 12,0 iko karibu tupu. Wakati demarere inazunguka isishuke chini ya 9,6. Motere ikishawaka, mupime tena: inapaswa kuwa kati ya 13,8 na 14,5. Kama inabaki 12, batri haichajiwi. Munaweza kununua batri mupya leo, na wiki ijayo nayo itakuwa imekufa, kwa sababu ubaya uko kwa alternatere ao kwa mukanda wake.

Kwa kusafisha vichwa vya batri, mutoe kwanza waya mweusi, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Mukianza na mwekundu na kle ikagusa shasi, cheche zitaruka. Musugue kwa musasa, mukaze vizuri, kisha mupake vazelini kidogo juu. Musivute sigara pale karibu: batri inatoa gazi inayoweza kulipuka. Maji ya batri yakipungua, muongeze yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya batri, haiko ya muto na haiko asidi. Asidi ikigusa ngozi ao macho, muoshe kwa maji mengi palepale.

Sasa je, kama demarere inazunguka kwa nguvu lakini motere haishike moto? Musilaumu batri tena. Kamionete zetu nyingi zinatembea na mazutu, na mazutu tunayonunua ndani ya bidoni kando ya barabara mara nyingi iko na maji na muchanga. Chini ya filtri ya mazutu kuna kifungulio kidogo. Muweke kopo chini, mufungue, muache itoke mpaka munaona mazutu safi tu. Maji yanakaa chini ya mazutu, mutayaona wazi ndani ya kopo. Kisha mupampe kwa mukono ile pampu iliyo juu ya filtri mpaka iwe nguvu. Hewa ikiingia ndani ya mifereji, kwa mufano kisha kuishiwa mazutu njiani, motere haiwezi kuwaka mbele hamujaitoa. Na asubuhi, kule kwa milima ya baridi, ile taa ndogo ya manjano ya kupasha moto ingojewe izimike kwanza. Shofere wengi hawana subira hiyo.

Musizungushe demarere zaidi ya sekunde 10 mpaka 15 kwa mara moja. Muiache ipumzike dakika moja. Tumeona demarere nzima zikiunguzwa na shofere mwenye hasira. Na kumwanga esanse ndani ya filtri ya hewa ya motere ya mazutu, tunaomba muache kabisa: inaweza kuvunja motere, na inaweza kumuchoma anayemwanga.

Kusukuma kunasaidia kama batri ni zaifu na gari ni ya vitesi vya mukono. Lakini mushushe muzigo kwanza. Motere ikiwa haijawaka, freni inakuwa nguzu sana kwa muguu, na kwenye muteremuko wenye tani moja ya kahawa nyuma, hapo hatuzungumzi tena juu ya bei.

Kuazima umeme kwa gari ingine: muangalie kwanza ni volti ngapi. Kamio kubwa nyingi ziko na batri mbili zilizofungwa pamoja, volti 24. Mukiunganisha na kamionete ya 12 mutaunguza vitu vingi. Zikiwa sawa, waya mwekundu uende chanya kwa chanya. Mweusi ushikwe kwenye hasi ya batri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma safi cha motere ya gari iliyokufa, mbali na batri yake.

Komite ya Kalehe sasa imeweka kaye ndani ya gari. Shofere anaandika tarehe, volti za asubuhi, siku ya kutoa maji kwenye filtri, na kila kipande kilichobadilishwa pamoja na bei yake. Mekanisie akisema kitu kimekufa, anaombwa aonyeshe, na kipande cha zamani kinarudi depo. Ile kahawa ilifika saa nne ya usiku. Ilipokelewa, isipokuwa mifuko miwili iliyokuwa chini kabisa.