Rimu Auliza: Idi Lini?

Njooni, wanangu, sogeeni karibu na mjomba. Leo nina hadithi ya rimu.

Rimu la nini? La lori. Lori lilichakaa, rimu likabaki. Sasa linaning'inia kwa waya kwenye mwembe wa shule moja ya msingi mjini Tanga. Mwanafunzi wa zamu akiligonga kwa kipande cha nondo, nge! nge! nge! watoto wote hukimbilia mstarini. Ndiyo kengele yao hiyo.

Rimu anajua mambo mengi. Anajua saa ya uji. Anajua saa ya mapumziko. Anajua saa ya kwenda nyumbani. Lakini jambo moja linamsumbua.

"Krismasi sijawahi kuiona," anasema rimu. "Desemba shule hufungwa, nikabaki na kunguru. Habari zake nazipata Januari, watoto wakija na viatu vipya. Vilinunuliwa vya Krismasi, sasa ndivyo vya shule. Lakini Idi naijua! Kuna mwaka hunikuta nikilia, kuna mwaka hunikuta nimenyamaza. Kwa nini Krismasi inakaa palepale, na Idi inatembea?"

Swali zuri hilo! Na wewe uliyetaka kuuliza vivyo hivyo, hongera. Mtoto anayeuliza "kwa nini" humfurahisha sana mjomba wake.

Sikilizeni basi. Krismasi inafuata mwaka wa jua, wenye siku 365. Ndiyo maana kila mwaka ni tarehe 25 Desemba. Idi inafuata mwezi wa angani. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi. Sasa wawazeni watoto wawili wanaozunguka uwanja wa mpira. Mmoja anamaliza mzunguko kwa hatua 365, mwenzake kwa 354. Huyu wa 354 akifika hangoji. Anaanza mzunguko mwingine papo hapo. Kwa hiyo kila mwaka Idi hutangulia kwa siku 11 hivi.

"Mjomba, si atamwacha mwenzake kabisa?"

Atamwacha, mwanangu. Kisha, kwa kuwa uwanja ni wa kuzunguka, atamkuta tena kwa nyuma! Hilo huchukua miaka 33 hivi.

"Basi mwalimu atuandikie ubaoni tarehe ya Idi."

Ataandika ya kukadiria tu. Ramadhani huwa na siku 29 au 30. Jioni ya siku ya 29, jua likizama, watu hutazama magharibi. Mwezi ukiandama, kesho ni Idi el-Fitri. Usipoandama, wanafunga siku moja zaidi. Jioni hiyo redio haizimwi, watu wanasubiri tangazo la Mufti. Mchele wa pilau umeshachambuliwa. Kanzu imeshapigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Jogoo amefungwa mguu uani, hajui lake ni kesho au keshokutwa.

Na Idi ikishapita? Hapo ndipo rimu anapopapenda, na mimi pia. Watoto wanarudi darasani na hina mikononi. Mkoba wa huyu una visheti, wa yule una kashata. Lakini wale wasiofunga hawashangai, maana pilau walishaila. Sahani iliwafikia nyumbani siku ileile, imefunikwa kwa kawa, imebebwa na rafiki yao wa dawati moja. Desemba zamu inageuka: chapati na nyama zinavuka njia kuelekea upande wa pili. Nawaambieni kwa dhati, sijaona somo la ujirani linalofundishwa vizuri kuliko hilo, na wanaolifundisha wana miaka minane au tisa.

"Mjomba, Idi na Krismasi zinaweza kukutana?"

Zinaweza kukaribiana sana. Mwaka 2000 Idi el-Fitri ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku chache baada ya Krismasi. Kwa hesabu za mwezi, mwaka 2033 nao unatarajiwa kuwa na Idi el-Fitri mbili: siku za kwanza za Januari, kisha siku mbili tatu kabla ya Krismasi.

"Maskini rimu! Zote mbili shule itakuwa imefungwa!"

Ehee! Umepiga hesabu mwenyewe, wala hukuambiwa. Haya, chukua kijiti, tuandike hapa mchangani: mwaka 2033 wewe utakuwa na umri gani?