KALEMIE: MLANGO MMOJA WA ZIWA LETU



Wakati tuliporudi kutoka likizo kubwa ya mwaka 2024, wengi waliniuliza habari za Kalemie, sababu walisikia kwamba nilifika huko kwa boti. Tena kulikuwa na mabishano katika darasa letu: mto Lukuga unaingia katika ziwa Tanganyika ao unatoka? Nusu ya darasa walisema unaingia kama mito mingine yote. Mimi nilinyamaza siku ile, juu ya nilitaka kuandika jambo hili vizuri. Basi someni.

Kwanza niseme sababu ya safari. Mwanzo wa mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana. Kule Baraka yaliingia katika nyumba ya nyanya yangu, mama mzaa baba. Ukuta wa matofali mabichi ulianguka, na shamba lake la mihogo kando ya maji likaoza lote. Nyanya alikuwa anauliza kila siku: «Maji haya yataenda wapi? Nijenge tena hapa hapa, ao nihame?» Hakuna aliyemjibu vizuri. Baba yangu mdogo, ambaye anauza mafuta ya mawese, alipokuwa tayari kwenda Kalemie, nyanya alisema: «Nenda na huyu mjukuu wangu aliyesoma. Akaone mlango wa ziwa, aniletee jibu.»

SAFARI YENYEWE

Ukitazama karata utaona Kalemie iko kusini, zaidi ya kilometa 200 kutoka Baraka. Lakini boti inapotoka Baraka haielekei kusini. Inaelekea kaskazini! Mgeni anaweza kufikiri nahodha amepotea. Sababu ni hii: Baraka iko ndani ya ghuba, na mbele yake kuna rasi ya Ubwari ambayo inanyoosha kidole chake upande wa kaskazini. Lazima kwanza kuzunguka ncha ya kidole kile, ndipo kugeuka kusini. Karata za Wazungu zinaita mahali hapa Ghuba ya Burton, kwa jina la Mwingereza Richard Burton aliyefika ziwani mwaka 1858 pamoja na mwenzake Speke. Wao pia walipita Ubwari kwa mitumbwi wakielekea Uvira.

Tulipita Yungu, tukafika Kazimia jua likiwa linazama. Pale nahodha alizima mota akasema tutalala. Abiria wengi walikasirika. Mama mmoja alikuwa na ndagala alisema: «Baba nahodha, mali yangu itaharibika!» Nahodha alimjibu kwa heshima: «Mama, ndagala inanunuliwa tena.» Usiku ule upepo wa kusini ulivuma mpaka asubuhi, na mawimbi yalipiga pwani kama ngoma. Hakuna aliyenung'unika tena.

Hapa nieleze kidogo. Ziwa letu ni refu, karibu kilometa 670 kutoka kaskazini mpaka kusini, lakini ni jembamba. Katika kiangazi upepo unatoka upande wa kusini na kufuata urefu wote wa ziwa. Unapata nafasi kubwa ya kusukuma maji, kwa hiyo mawimbi yanakua. Boti iliyojaa kupita kipimo inakutana nayo uso kwa uso. Ndiyo sababu nahodha mwenye akili anangojea. Na sisi wanafunzi, tunapokwenda nyumbani kwa boti, tuvae jile la kuokolea tangu pwani, hata kama wenzetu wanacheka.

MJI WA KALEMIE

Tulipita Kabimba, penye kiwanda cha simenti, halafu Kalemie ikaonekana. Mji umelala kati ya maji na vilima. Ni bandari, tena ni mwisho wa reli, na tangu mwaka 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Tanganyika. Watu wanazungumza Kiswahili kama sisi, lakini chenye ladha ya Katanga: ugali wanaita bukari, na nilipoomba ugali yule mama wa chakula alijua mara moja kwamba natoka Fizi.

Zamani mji uliitwa Albertville. Jina hili lilianza na ngome ambayo kapiteni Mbeleji Jacques aliijenga kando ya ziwa mwaka 1891, wakati wa vita na wafanya biashara ya watumwa. Adui yake mkubwa alikuwa Rumaliza wa Ujiji, ambaye watu wake waliizunguka ngome ile. Lakini hata kabla ya Wabeleji, mwaka 1879, wamisionari Waprotestanti wa London Missionary Society walikuwa wamefungua kituo Mtowa, si mbali na Lukuga. Mmoja wa wamisionari wale, Edward Hore, alikuwa baharia. Tutamkuta tena chini.

Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani. Angalieni maana yake: mzigo uliweza kutoka mto Lualaba, kupanda treni, na kuingia masuwani mpaka Kigoma. Kigoma nayo ilikuwa imefikiwa na reli ya Wadachi kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilipigania ziwa. Waingereza walileta boti mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza mpaka Afrika ya Kusini, halafu kwa treni, kwa kuvutwa na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, na kwa mto. Siku ya 26 Desemba 1915 waliteka masuwa ya Wadachi Kingani, na mwezi wa Februari 1916 walizamisha ya pili, Hedwig von Wissmann. Masuwa kubwa, Goetzen, Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwaka 1916. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Siku tulizokaa pale hatukuona treni hata moja. Reli zilikuwa zinang'aa kidogo tu, na mbuzi walikuwa wanakula majani katikati. Mzee mmoja bandarini alituambia: «Mtoto wangu, reli inaweza kulala, lakini mto haulali.» Akatuonyesha njia ya kwenda Lukuga.

MTO LUKUGA

Wapenzi, niliona kwa macho yangu. Nilitupa jani kubwa katika maji. Jani halikurudi ziwani. Lilienda upande wa magharibi, mbio, mpaka lilipotea.

Lakini tusicheke wale waliobisha katika darasa, sababu wakubwa walibisha mbele yao. Wazungu walitafuta mlango wa ziwa kwanza huku kwetu. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka mdomo wa Ruzizi, wakaona maji ya Ruzizi yanaingia. Mwaka 1874 Cameron alifika Lukuga akasema: ndiyo huu, maji yanatoka. Mwaka 1876 Stanley alifika akakuta udongo na matete vimeziba, akasema mto hautoki kweli. Mwaka 1879 Hore, yule baharia mmisionari, alikuta maji yanatoka kwa nguvu sana.

Nani alisema uwongo? Hakuna. Mlango ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na ziwa likawa linapanda mwaka kwa mwaka. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi kile, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10.

Kutoka Kalemie maji yanakwenda kukutana na Lualaba karibu na Kabalo, yanapita Kindu na Kisangani, yanakuwa mto Kongo, yanapita Kinshasa na Matadi, mpaka bahari ya Atlantiki. Maji ya Mutambala yanayopita Baraka yanaweza kufanya safari hiyo yote bila tiketi.

Lakini muelewe neno moja. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa haipiti Lukuga. Jua linaipandisha hewani. Lukuga inachukua sehemu ndogo tu. Mito inayoingia ni mingi: Ruzizi, Malagarasi, Mutambala na mingine, lakini mto unaotoka ni mmoja. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka kadhaa, ziwa linapanda kwa haraka kuliko linavyoshuka.

JIBU LA NYANYA

Niliporudi nilimkuta ameketi chini ya mwembe, mbele ya ukuta ulioanguka. Nilimweleza yote, pamoja na jani lile. Nilimwambia: «Nyanya, maji yatashuka, lakini polepole. Na siku moja yatarudi tena. Mlango ni mmoja, tena ni mdogo.»

Alinyamaza kitambo. Halafu akasema: «Basi pwani ni ya ziwa. Lilituazima tu.» Juma lililofuata alimtuma baba mdogo kutafuta kiwanja juu, ng'ambo ya barabara. Nyumba mpya imefika kwenye madirisha. Chini, pale pa zamani, amepanda mchicha tu, kitu ambacho akikipoteza hatalia.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tuna nyumba za wazazi kando ya maji. Mkifika nyumbani, waelezeni wazee habari ya mlango huu.

Ni mimi,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita
Nundu