INJINI YA KUVUTA: ICHAGUE KWA AKILI, IJENGE KWA KIPIMO

Ndugu mkulima, simama kando ya barabara ya udongo huko Kabras au Lugari wakati wa mvua, utazame matrekta yavutayo trela za miwa. Moja linanguruma na kutoa moshi mweusi kama tanuri la makaa, lakini mlimani linakwama. Jingine linakuja nyuma yake polepole, sauti yake nzito, moshi wake hauonekani sana, nalo lapanda mpaka juu. Watu husema dereva wa pili ana bahati. Sivyo. Mwenye trekta lile alichagua injini kwa akili, na ilipochakaa aliijenga upya kwa kipimo.

Jambo hili lakuhusu wewe. Wakulima wengi wa mashamba ya skimu hawawezi kununua trekta jipya. Huchanga fedha, watu watano au kumi, wakanunua trekta lililotumika. Trekta hilo likifa katika mwezi wa Februari, mashamba yote kumi hukosa kulimwa kabla ya mvua ya Machi, na deni hubaki pale pale. Kwa hiyo soma maneno haya kabla ya kutoa fedha mfukoni.

MCHEZO WA KUVUTA

Huko Marekani kuvuta kwa trekta kumefanywa kuwa mchezo. Mashindano yalifanywa katika Missouri na Ohio mwaka 1929, na mwaka 1969 kikaundwa chama cha taifa cha kuweka sheria zake. Trekta hufungwa sleji yenye sanduku la uzito. Kadiri trekta linavyokwenda, sanduku husogea mbele juu ya sleji na kuikandamiza chini, mpaka trekta lishindwe. Afikaye mbali ndiye mshindi.

Sisi hapa Kenya tunajua zaidi mashindano ya kulima kwa plau. Mashindano ya dunia yalifanywa nchini kwetu mwaka 1995, na tena mwaka 2017 huko Njoro. Lakini mwenye trela ya miwa yuko katika mashindano ya kuvuta kila siku, ijapokuwa hapewi kikombe.

Tofauti ni hii. Injini ya mchezo huvuta kwa sekunde chache, kisha huzimwa, na ikipasuka mwenyewe hununua nyingine. Injini yako huvuta kutwa, msimu mzima. Usiige moshi wao. Jifunze kwao jambo moja tu: mshindi hupatikana karakanani kabla ya siku ya kuvuta.

KUCHAGUA

Watu wengi huuliza, "Ina nguvu za farasi ngapi?" Swali hilo ni zuri lakini halitoshi. Uliza pia ukubwa wa silinda, na nguvu ya kuzungusha injini inapoenda polepole. Mlimani injini hupunguza mizunguko. Iliyo nzuri kwa kuvuta huzidi kukaza inapopunguza mwendo. Iliyo mbaya huzimika.

Chukua mfano wa injini ya Perkins ya silinda tatu, iliyo katika Massey Ferguson 135. Kila silinda ina upana wa milimita 91 na pistoni husafiri milimita 127, jumla lita 2.5. Hutoa nguvu za farasi kama 45 kwa mizunguko 2,250 kwa dakika, lakini hukaza zaidi karibu na mizunguko 1,300. Ndiyo maana dereva mzuri habadili gia ovyo. Injini hii yafaa plau ndogo na trela nyepesi. Kwa trela nzito za miwa tafuta ya silinda nne, kama Perkins 4.236 yenye lita 3.9. Ukilazimisha ndogo kufanya kazi ya kubwa, utainunua mara mbili.

Kumbuka tena kwamba sisi tunakaa juu. Mji wa Kakamega uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na Lugari na Likuyani ziko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na taabo hupoteza kama sehemu 1 katika 100 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Basi zile nguvu 45 zilizoandikwa kitabuni, huku kwetu ni 38 au 39. Hesabu kwa nguvu za Kakamega, usihesabu kwa nguvu za kitabu.

SIKU YA KUNUNUA

Mwambie mwenye kuuza asiwashe injini kabla hujafika. Iguse kwa mkono. Ikiwa ina moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini mbovu huficha ugonjwa wake ikishapata moto. Kisha angalia haya:

1. Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyo kama chai ya maziwa imeingia maji.
2. Washa. Moshi wa buluu usiokwisha maana yake oili inaungua; ringi au slivu zimekwisha.
3. Injini ikinguruma polepole, fungua kifuniko cha kutilia oili. Moshi ukisukuma kwa nguvu, silinda zinavuja.
4. Fungua rejeta kabla haijapata moto. Mapovu yasiyokoma yaonyesha gasketi au hedi mbovu.
5. Mwisho, lifunge trekta trela yenye mzigo, lipande mlima. Trekta lisilo na mzigo halisemi kweli.

KUIJENGA UPYA

Injini ikichakaa, usikubali fundi akutilie ringi mpya juu ya slivu zilizoliwa. Hiyo ni kupaka chokaa nyumba iliyooza. Mwambie apime kila silinda juu, katikati na chini. Krenki nayo ipimwe. Krenki ya Perkins hii husagwa kwa hatua: elfu 10 za inchi, kisha 20, kisha 30. Ikiwa imekwisha kufika 30 na bado imeliwa, nunua nyingine. Beringi zilingane na hatua ile ile.

Hedi ipelekwe kukaguliwa kama imepinda au ina ufa. Nati zake zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa zamu, kwa spana ya kupimia mkazo. Mkono wa fundi, hata akiwa hodari namna gani, si kipimo.

Pampu ya dizeli na nozeli zipimwe katika karakana yenye mashine ya kupimia. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote. Fundi wa njiani atakuambia, "Nikifungua skrubu hii kidogo, trekta litavuta kama simba." Ni kweli kwamba dizeli itaongezeka. Lakini hewa haiongezeki, nayo huku kwetu ni haba tangu mwanzo. Dizeli isiyopata hewa hugeuka moshi mweusi na joto kali. Joto hilo hula kichwa cha pistoni, hugandisha ringi na kupasua hedi. Moshi mweusi ni fedha yako inayopaa juu.

Je, kutia taabo? Taabo husukuma hewa nyingi ndani, na kwa sisi wa nchi ya juu ni msaada mkubwa. Lakini nunua injini iliyotengenezwa nayo kiwandani. Pistoni na mafuta yake ya kupoza vimepangwa kwa joto hilo. Kuibandika juu ya injini ya zamani isiyokusudiwa ni kuitafutia kifo.

Injini ikishafungwa, ifanyishe kazi nyepesi kwa saa za kwanza. Usiiache ikinguruma bure siku nzima, maana ringi hazitakaa vizuri. Badili oili ya kwanza mapema. Kila asubuhi ya vumbi, angalia bakuli la oili la chujio la hewa. Vumbi la kijiko kimoja laweza kumaliza kazi ya mwezi mzima.

UHAI NI KWANZA

Trekta lenye nguvu linaweza kuua. Likikwama matopeni, usifunge mnyororo kwenye ekseli ya nyuma wala mahali pa juu. Funga katika chuma cha kuvutia kilicho chini. Ukifunga juu, magurudumu ya nyuma yatashika, pua itainuka, na kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi trekta litakuwa limempindukia dereva. Hata huko Marekani, matrekta ya mchezo hufungwa vyuma nyuma ili yasipinduke, na kimo cha kufungia sleji huwekwa kwa sheria. Kama wao, waliozoea, wanaogopa, wewe nawe ogopa. Wala mtoto asipandishwe juu ya trekta livutalo.

Mwisho, kikundi chenu kiwe na daftari. Andikeni saa za kazi, lita za dizeli, siku ya kubadili oili, na fedha iliyowekwa kando kwa matengenezo. Msingoje trekta life ndipo mchange. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na mwenye shaka asinunue peke yake: amwite Bwana Shamba na fundi anayemwamini, waende pamoja, injini ingali baridi.