Dawa za Nano na Haja ya Washauri wa Sera Nyanda za Juu Kusini

Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana huweza kupata homa ya uti wa mgongo isababishwayo na fangasi aina ya kriptokoka, ambayo isipotibiwa huua. Amfoterisini ya kawaida huitibu, lakini huweza kudhuru figo. Dawa hiyo ikifungwa ndani ya vifuko vya mafuta vyenye upana usiozidi nanomita 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, madhara hayo hupungua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya aina hiyo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14.

Pendekezo peke yake halimfikishii mgonjwa dawa. Lazima awepo mtaalamu wa kupima ushahidi, kulinganisha bei na bajeti, na kushauri juu ya usajili na miongozo ya tiba. Huyo ndiye mshauri wa sera za teknolojia mpya.

Njia ya taaluma hiyo huanzia wodini, maabara na famasi. Mfamasia au muuguzi anayeripoti kwa TMDA madhara ya dawa tayari anajenga ushahidi. Masomo ya uzamili katika afya ya jamii au uchumi wa afya humwongezea uwezo wa kuutetea. Mgonjwa naye huchangia anapoeleza bila kuficha hali yake baada ya kutumia dawa.