Taa Zikizimwa Hosteli

Riwaya ya Kiswahili imempeleka msichana bwenini mara nyingi, lakini ni nadra kukaa naye huko taa zikishazimwa. Humsindikiza hadi mlangoni, ikangoja atoke na mwanamume, kisha ikasimulia maangamizi yake. Yale yanayonong'onwa kati ya kitanda cha juu na cha chini, nani ameshika siri ya nani, nani anamlisha nani fedha zikikata, hayo huachwa. Mimi naamini hadithi yenye giza kuliko zote iko humo.

Tuanze na ya kwetu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka 1971. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi anayelea mabinti zake kwa fimbo. Barua ya mvulana peke yake inatosha kumletea kipigo. Binti huyu aliyefungiwa anavuka ziwa kuja shule ya bweni Mwanza, baadaye anakwenda chuo cha ualimu Morogoro, na uhuru ambao hakuna aliyemwandaa kuupokea unamwelemea. Anatoa mimba. Mwishowe anajiua. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, kana kwamba kukificha kungewaficha wasichana yale waliyokuwa wakiyaona kila Jumamosi. Ukubwa wa Kezilahabi ni kwamba hakuridhika kumtupia Rosa lawama zote: aliwapandisha baba na binti mbele ya Mungu wajibizane nani mkosaji.

Lakini shauri lile linabaki la baba na binti. Nikiisoma leo, akili yangu huwaendea wasichana waliolala naye chumba kimoja, waliomwona akibadilika wiki baada ya wiki. Walijua nini? Walinyamaza kwa upendo, kwa woga, au kwa sababu anguko la mwenzao liliwafariji?

Marekani wasichana wa vyuo wana nyumba zao za udugu, zenye majina ya herufi za Kigiriki, na waandishi wao wamezifanya uwanja wa visa vya kutisha. Sisi tuna hosteli. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanzia katika taasisi ya Nyegezi ya mwaka 1960 na kuwa chuo kikuu 1998, kiko Malimbe, Mwanza, ziwa likionekana kutoka huko. Kuzunguka chuo watu wamejenga vyumba vya kupangisha wanafunzi. Ingia kimojawapo jioni: dabodeka limeegeshwa ukutani, vyandarua vimefungwa fundo, ndoo za maji zenye mifuniko zimepangwa, mtungi mdogo wa gesi uko nyuma ya mlango, na pasi ni moja kwa watu wanne. Mmoja amepata mkopo, mwingine amekosa. Bumu la mkopo likitoka, mwenye nalo ananunua mchele, mafuta na dagaa, na sufuria inakuwa ya wote. Wapo pia wanaobebwa, wasio na kitanda wala kodi, wanaolala mzungu wa nne na shoga zao na kuamka mapema kabla mwenye nyumba hajapita.

Huo ni upendo, na sitaki mtu aubeze. Wasichana wangapi wamemaliza shahada kwa sababu mwenzao alisogea ukutani akawaachia nusu ya godoro? Ila upendo wa namna hiyo una daftari lake la madeni, hata kama hakuna aliyeliandika. Anayebebwa hawezi kukataa kutumwa dukani. Hawezi kusema "leo nimechoka" shoga yake anapotaka kusindikizwa kwa mtu. Naye, kwa kuwa analala hapo hapo, anajua shoga yake alirudi saa ngapi, amemeza vidonge gani, simu ya nani haipokelewi mbele za watu. Siku wakikosana, pengine kwa ajili ya shilingi 5,000, kila mmoja anakuwa na silaha mkononi, na kundi la WhatsApp la darasa liko wazi usiku kucha.

Kwa wasichana wa sekondari hali ilikuwa kali zaidi. Hadi Novemba 2021, Serikali iliporuhusu waliopata ujauzito kurudi masomoni, mimba ilimfungia binti mlango wa shule ya umma. Katika bweni la namna hiyo, kumjua rafiki yako kulikuwa kuishika elimu yake mkononi. Watoto wa miaka 15 walibebeshana mzigo huo wakiwa bado wanagawana sabuni.

Hadithi za mfululizo za magazetini, ambazo zimewafundisha Watanzania wengi kupenda kusoma, zina jibu moja tu: rafiki ndiye nyoka. Anamfundisha mwenzake kudanga, anamwonea wivu, anampindua kwa bwana. Jibu hilo linanikasirisha, kwa sababu linamwondolea msomaji kazi ya kuelewa na kuwaachia wazazi onyo la "makundi mabaya" wasilohitaji kulifikiria mara mbili.

Aliyelifikiria anatoka nchi jirani. Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda aliyezaliwa 1956 na kupoteza ndugu 37 katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alichapisha riwaya ya Notre-Dame du Nil mwaka 2012, ikashinda tuzo ya Renaudot nchini Ufaransa. Inahusu shule ya bweni ya wasichana, mlimani, karibu na chemchemi ya Nile, miaka ya 1970. Nafasi za Watutsi zina kikomo, hivyo darasani wako wawili, Virginia na Veronica. Gloriosa, binti wa mkubwa, anaongoza. Pembeni yake yuko Modesta, ambaye mama yake ni Mtutsi. Gloriosa na Modesta wanapanda kwenda kubadilisha pua ya sanamu ya Bikira Maria, iwe pua ya "wengi", yaani Wahutu, na Gloriosa anarudi na uongo kwamba wamevamiwa. Uongo wa wasichana wawili waliochafuka matope unakua hadi unaua.

Maji ya milima ile hushuka kwa mto Kagera hadi ziwa letu. Mwaka 1994 mto huo ulileta maiti, na watu wa ufukweni wakaogopa kula samaki.

Gloriosa anaeleweka upesi: ana baba, ana cheo, ana chuki. Anayenikosesha usingizi ni Modesta. Anakaa karibu na mwenye nguvu kwa sababu kuondoka ni hatari kuliko kubaki, na akipata upenyo anamwendea Virginia kwa siri amweleze asichoweza kumwambia mwingine. Ni rafiki wa kweli kwa mmoja, mtumwa kwa mwingine, na ni yule yule. Msichana wa Malimbe akiketi kuandika, naomba asianze na mwanamume wala gari lenye vioo vyeusi. Aanze na anayebebwa, ameamka saa kumi alfajiri, anasikiliza shoga yake akilia ukutani, na anajua kwa nini.